Hadithi tano ndani ya filamu moja: kuielewa "Amor, amor, amor" ya Mexico

Mtazamaji anayekutana kwa mara ya kwanza na filamu ya aina hii huwa na lalamiko linaloeleweka. Amekaa muda mrefu akiwafuata watu wawili, amezizoea sura na sauti zao, ameanza hata kubashiri mwisho wao, mara kioo kinakuwa cheusi, kichwa kipya cha hadithi kinatokea, na watu wengine kabisa wanaingia katika nyumba nyingine. Wale wa mwanzo hawarudi tena. Katika mazungumzo ya wapenzi wa sinema, hasa tangu mtandao uanze kutuletea kazi za zamani za nchi ambazo kumbi zetu hazikuzijali, lalamiko hilo huzaa maswali matatu yanayoulizwa kwa pamoja na kwa hiyo hukosa jibu: je, hii ni filamu au ni tamthilia ya mfululizo, kwa nini iitwe ya majaribio ilhali hadithi zake zinaeleweka, na kwa nini mapenzi yake yawe ya kaka na dada, ya mkwe na mama mkwe, ya mzee na binti aliyekulia mikononi mwake?

Maswali hayo yanaweza kujibiwa moja baada ya jingine kwa kushika mfano mmoja, nao ni filamu ya Mexico iitwayo Amor, amor, amor, iliyotengenezwa mwaka 1965. Nimeichagua kwa sababu imebeba mkanganyiko wote kwa wakati mmoja: ina hadithi tano na waongozaji watano, ilizaliwa katika shindano lililokuwa na neno "majaribio" katika jina lake rasmi, inaitazama familia kwa jicho lisilo na huruma, na juu ya hayo ilikuja kukatwa na kuonyeshwa vipande viwili chini ya majina mawili, kiasi kwamba mtu anaweza kuwa ameiona nusu yake bila kujua kwamba kuna nusu nyingine.

Tuanze na istilahi. Filamu ya mkusanyiko ni filamu moja inayoundwa na hadithi fupi kadhaa, kila moja ikiwa na mwanzo, kiini na mwisho wake, na mara nyingi kila moja ikiwa na mwongozaji wake. Hadithi hizo huunganishwa na jambo lililo nje yake: dhamira, jiji, zama, au mtayarishaji aliyezikusanya. Haifanani na tamthilia ya mfululizo, kwa sababu kule wahusika ni walewale na kila sehemu hutegemea iliyotangulia. Mfano ulio karibu nasi ni futari ya pamoja barazani, ambapo kila nyumba huleta sinia lake: huyu mihogo ya nazi, yule tambi, wa tatu kaimati na uji wa pilipili manga. Hakuna aliyemwagiza mwenzake atie chumvi kiasi gani, lakini wote wanajua kwamba ni futari, na anayekula haulizi kwa nini tambi hazikuendeleza ladha ya mihogo. Kila sinia husifiwa au kulaumiwa kwa jina la mwenyewe, ilhali jamvi na saa ya kufuturu ni vya wote.

Kutokana na ufafanuzi huo, baadhi ya filamu zinazotajwa mara kwa mara kuwa mikusanyiko zinaondoka kwenye orodha. Amores perros ya mwaka 2000, ambayo kwa watazamaji wengi ndiyo filamu ya kwanza ya Mexico waliyoisikia, ina hadithi tatu, lakini mwongozaji wake ni mmoja, Alejandro González Iñárritu, mwandishi wake ni mmoja, Guillermo Arriaga, na hadithi zote zinagongana katika ajali moja ya gari inayoonyeshwa tena na tena kutoka pembe tofauti. Ile ni hadithi moja iliyosukwa kwa nyuzi tatu. Ukiondoa uzi mmoja, nguo yote inafumuka. Ukiondoa hadithi moja katika Amor, amor, amor, zilizobaki zinasimama kama zilivyokuwa.

Sasa neno majaribio. Kwa matumizi ya kawaida, filamu ya majaribio ni ile inayovunja kwa makusudi desturi za usimulizi: inaweza kukosa kisa, kupindua mpangilio wa wakati, kutenganisha sauti na picha, au kumwachia mtazamaji kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mwandishi. Maana hiyo ipo hapa, lakini kwa kiasi. Maana iliyo na uzito zaidi kwa filamu hii ni ya pili, ambayo ni ya kihistoria: mwaka 1964 chama cha wafanyakazi wa utengenezaji wa filamu nchini Mexico, STPC, kilitangaza shindano la kwanza la filamu ndefu za majaribio, na Amor, amor, amor iliingia humo. Mtu asipojua habari za shindano hilo, atatafuta majaribio ndani ya picha peke yake na kuondoka akiwa ametapeliwa.

Kwa nini chama cha wafanyakazi, tena chenye sifa ya kulinda milango yake, kiitishe shindano la watu wa nje? Jibu linahitaji kurudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1940 Mexico ndiyo iliyokuwa ikizilisha kumbi za sinema za nchi nyingi zinazozungumza Kihispania. Mwaka 1945, baada ya mgogoro mkali ndani ya chama kikuu cha wafanyakazi wa sinema, STIC, kundi la watu mashuhuri wakiwemo mchekeshaji Mario Moreno "Cantinflas", mwimbaji Jorge Negrete na mpigapicha Gabriel Figueroa lilijitenga na kuunda STPC. Serikali ikawagawia kazi: STPC ikapewa filamu ndefu za hadithi, STIC ikabaki na filamu fupi, za habari na shughuli za kumbi. Ndani ya STPC, tawi la waongozaji likaufunga mlango. Ili uongoze filamu ya kibiashara ulihitaji kuwa mwanachama, na ili uwe mwanachama ulihitaji kuwa umekwisha kuongoza. Aliyewahi kutafuta kazi akaambiwa alete uzoefu wa kazi hiyohiyo anaijua ladha ya kanuni hiyo. Kwa takriban miaka 20 walioingia walihesabika, na waliokuwa ndani walizeeka wakirudia yaleyale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watazamaji walikuwa wakipungua, filamu zilizotengenezwa zilikuwa zikipungua, na mafundi wa taa, sauti na seti walikuwa wakikaa bila kazi. Wakati huohuo kizazi kipya kilikuwa kinagonga mlango kutoka nje. Mwaka 1961 lilitokea kundi la wahakiki na waandishi lililojiita Nuevo Cine, likiwa na jarida lenye jina hilohilo, na mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Taifa, UNAM, kilifungua kituo cha mafunzo ya sinema kilichofahamika kwa kifupi kama CUEC. Shindano la mwaka 1964 lilitokana na shida za pande mbili: mafundi walitaka kazi, vijana walitaka ruhusa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolieleza shindano lile kama tukio la mapinduzi ya sanaa na kuishia hapo. Lilikuwa pia mpango wa kutafutia watu riziki, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Filamu 12 zilikamilishwa na kushindanishwa mwaka 1965. Ya kwanza ilikuwa La fórmula secreta ya Rubén Gámez, ambayo ndiyo inayostahili hasa kuitwa ya majaribio kwa maana ya kwanza: haina kisa, ni mtiririko wa picha kuhusu Mexico na nafsi yake, ukisindikizwa na maneno ya mwandishi Juan Rulfo yaliyosomwa na mshairi Jaime Sabines. Ya pili ilikuwa En este pueblo no hay ladrones ya Alberto Isaac, kutokana na hadithi ya mwandishi Gabriel García Márquez, ambaye mwenyewe anaonekana akikagua tiketi mlangoni mwa sinema, huku mwongozaji Luis Buñuel akiwa amevaa joho la padri. Nafasi ya tatu ikaenda kwa Amor, amor, amor. Na ya nne, El viento distante, ilikuwa pia filamu ya mkusanyiko, yenye hadithi tatu na waongozaji watatu.

Kwamba mbili kati ya nne za juu zilikuwa mikusanyiko si jambo la bahati. Mwongozaji asiyewahi kushika filamu ndefu anaweza kumudu hadithi ya robo tatu ya saa pale ambapo hadithi ya saa mbili ingemzidi nguvu, na mtayarishaji anayeweka fedha kwa watu watano wasiojulikana anagawa hatari yake mafungu matano. Mtayarishaji wa Amor, amor, amor, Manuel Barbachano Ponce, alikwisha kuijua njia hiyo: mwaka 1953 alikuwa ametoa Raíces, filamu ya hadithi nne kuhusu maisha ya wenyeji wa asili wa Mexico, ambayo ilitambuliwa na wahakiki wa kimataifa huko Cannes mwaka 1955. Isitoshe, mikusanyiko ilikuwa fasheni ya zama zile. Italia ilikuwa imetoa Boccaccio '70 mwaka 1962, ikiwa na majina makubwa ya waongozaji waliogawana usiku mmoja wa ukumbi. Tofauti ni kwamba Waitalia waliokutana hapo walikuwa tayari mabwana wa kazi, ilhali Wamexico walikuwa wakiingia darasani kwa mara ya kwanza. (Mmoja wa waongozaji watano, Miguel Barbachano Ponce, alikuwa ndugu wa mtayarishaji, filamu inayochambua udugu haikukosa udugu nyuma ya kamera.)

Waongozaji wenyewe walitoka wapi? Wengi wao walitoka jukwaani. Héctor Mendoza na José Luis Ibáñez walikuwa wamefanya kazi katika Poesía en Voz Alta, harakati ya maigizo iliyoanza mwaka 1956 na kumvuta hata mshairi Octavio Paz. Juan Ibáñez, ambaye jina lake la ukoo lisikuchanganye na la mwenzake, alikuwa na maigizo ya chuo kikuu yaliyoshinda tamasha la Nancy nchini Ufaransa mwaka 1964. Juan José Gurrola alikuwa mtu wa jukwaa, wa picha na wa dhihaka. Nao hawakuandika visa vyao kutoka hewani, bali walichukua hadithi fupi za waandishi waliokuwa hai na wengi wao wakiwa vijana: Carlos Fuentes alitoa mbili, na Juan García Ponce, Inés Arredondo na Juan de la Cabada moja moja. Ndiyo maana dai kwamba filamu ya majaribio haina hadithi linaangukia pua hapa. Hii ni filamu iliyojaa hadithi, na pengine imejaa fasihi kupita kiasi. Mara nyingine mhusika anazungumza kama ukurasa uliochapishwa, na sauti ya msimulizi inaeleza kile ambacho uso wa mwigizaji umekwisha kukisema.

Hadithi iliyo rahisi kuieleza, na iliyo ngumu kuisahau, ni La Sunamita ya Héctor Mendoza, kutokana na kisa cha Inés Arredondo, mwanamke pekee kati ya waandishi hao. Wasomaji wa Biblia wataikumbuka sura ya kwanza ya Wafalme wa Kwanza: Daudi amezeeka, wanamfunika nguo lakini hapati moto, basi watumishi wake wanamtafutia mwanamwali, Abishagi Mshunami, amtumikie na kumtia joto, na Maandiko yanaongeza kwamba mfalme hakumjua. Arredondo anakichukua kisa hicho na kukipeleka katika mji mdogo wenye joto la kuchoma. Msichana aitwaye Luisa anarudi kumuuguza mzee Apolonio, ambaye amezoea kumwita mjomba, na mzee yuko katika kufa. Jamaa wanashauri, na padri anaunga mkono, kwamba afunge naye ndoa kitandani hapo hapo ili urithi usipotee. Kanisa Katoliki lina utaratibu wa ndoa ya mtu aliye katika hatari ya kufa, unaoruhusu matangazo na masharti mengi ya kawaida kurukwa kwa sababu muda hautoshi. Hivyo katika chumba chenye harufu ya dawa, mbele ya ndugu waliokwisha kujiandaa kwa mazishi, Luisa anakubali kwa kuona aibu ya kukataa. Anakubali kuwa mjane. Hakukubali kuwa mke. Na mzee anapona.

Ni hapo ndipo maana ya filamu nzima inapoanza kufunguka. Hakuna mtu mwovu katika chumba kile. Padri anafanya huruma, jamaa wanalinda mali ya nyumba, mzee anashukuru, na sheria inafuatwa hatua kwa hatua. Lakini yote yanapokusanyika, msichana anajikuta amekabidhiwa kihalali kwa tamaa ya mtu ambaye alikuwa kwake kama mzazi, na hana pa kushtaki kwa sababu kila aliyemzunguka alimtakia mema. Utambulisho wake umebadilishwa kwa maneno machache na sahihi moja: aliyekuwa binti wa nyumba amekuwa mwenye nyumba, na mji mzima unaanza kumtazama kwa jicho jingine. Katika uandishi wa Arredondo tamaa ya mzee ni kama homa, inaambukiza, na anayeachwa na madoa ni yule asiyekuwa mgonjwa.

Las dos Elenas, iliyoongozwa na José Luis Ibáñez kutokana na hadithi ya Fuentes, inaigeuza sarafu upande wa kicheko. Elena mdogo, aliyeigizwa na Julissa, ni mke wa kisasa wa jijini Mexico, anayefuata kila mtindo mpya wa mawazo. Baada ya kuona filamu ya Kifaransa kuhusu mwanamke mmoja na wanaume wawili, anamtangazia mumewe kwa uso mkavu kwamba mwanamke naye anahitaji mwanamume wa pili wa kumkamilisha. Mume, aliyeigizwa na Enrique Álvarez Félix, anasikiliza kwa upole. Kila Jumapili wanakwenda kula kwa wakwe zao katika mtaa wa matajiri wa Las Lomas, ambako Elena mkubwa, mama wa mke, mwanamke wa mila kutoka pwani ya Veracruz, anasikitikia mambo ya vijana wa leo. Mwishoni ndipo tunapofahamu kwamba nadharia ambayo binti anaihubiri, mume ameshaitekeleza kimyakimya, na Elena wa pili ni yuleyule mama mkwe. Jina moja linawatumikia wanawake wawili. Mmoja anasema bila kutenda, mwingine anatenda bila kusema.

Hadithi mbili zinahusu kaka na dada. Katika Un alma pura, pia ya Fuentes na iliyoongozwa na Juan Ibáñez, kijana anaondoka nchini ili kujitenga na mapenzi yasiyoweza kutajwa kati yake na dada yake Claudia, na umbali badala ya kuyaua unayapa lugha ya barua. Kitabuni anakimbilia Geneva, lakini filamu imempeleka New York. Claudia aliigizwa na Arabella Árbenz, binti wa Jacobo Árbenz, rais wa Guatemala aliyepinduliwa mwaka 1954, ambaye ukoo wake ulikuwa umetangatanga uhamishoni nchi baada ya nchi. Alifariki mwaka uleule wa 1965, na kwa watazamaji wa Mexico uso wake katika filamu hii haukuweza tena kutazamwa bila kumbukumbu hiyo. Aliyepiga picha ni Gabriel Figueroa, yuleyule aliyeshiriki kuunda STPC miaka 20 kabla. Kwamba fundi mashuhuri kuliko wote wa sinema ya zamani alikubali kumuwekea taa mwongozaji anayeanza ni jambo linalopaswa kukumbukwa kila tunaposimulia historia ile kama vita vya wazee na vijana.

Tajimara ya Gurrola, kutokana na García Ponce, ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote, na ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ya kwanza ya majaribio. Msimulizi anakumbuka mapenzi yake na Cecilia, aliyeigizwa na Pilar Pellicer, na pembeni mwa kumbukumbu hiyo wako kaka na dada, wote wachoraji, ambao uhusiano wao marafiki wanaujua na hawausemi. Wakati hauendi mbele. Unarudi, unakatika, unarukia tukio ambalo bado hatujalielewa, kama akili ya mtu anayejaribu kukumbuka mapenzi yaliyokwisha kumtoka. Mtazamaji akipotea hapa asijilaumu, kwa kuwa msimulizi naye amepotea. Hadithi ya tano, Lola de mi vida ya Miguel Barbachano Ponce, inamfuata msichana wa mashambani aliyekuja jijini kufanya kazi za ndani, na kwa maoni yangu inabaki karibu mno na melodrama, yaani usimulizi wa machozi na hisia zilizokuzwa, ambayo wenzake wanne walikuwa wakijaribu kuiacha.

Melodrama hiyo ndiyo ufunguo wa swali la tatu, la kwa nini familia. Katika zama za dhahabu za sinema ya Mexico, familia ilikuwa kitu kitakatifu. Filamu kama Cuando los hijos se van ya mwaka 1941 iliweka kigezo: baba mkali, mama anayevumilia, watoto wanaokosea kwa sababu wametoka nje ya nyumba, na meza ya chakula ambako machozi husafisha kila kitu. Sara García, aliyeigiza mama huyo, aliigiza mama na bibi mara nyingi kiasi cha kuitwa bibi wa Mexico nzima. Hatari ilikuwa nje ya mlango, ndani kulikuwa salama. Vijana wa mwaka 1965 waliuhamisha mlango. Katika hadithi nne kati ya tano tamaa haitoki kwa mgeni mwenye gari jekundu, inatoka kwa mtu wa ndani, na mara nyingi kwa mtu ambaye desturi ingemhesabu kuwa maharimu. Hilo ndilo jaribio lenyewe, kwa maoni yangu, na ni kubwa kuliko ukataji wowote wa picha.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi filamu inatetea mambo hayo. Kosa hilo hutokana na kuichukulia kila hadithi kama fatwa. Kisa cha Luisa hakimpendekezi mzee Apolonio kwa mtu yeyote, wala barua za Claudia hazimwachi msomaji akiwa na hamu ya kuzipokea. Kinachofanywa ni kuonyesha jinsi ukaribu ule ule unaoifanya familia kuwa kimbilio unavyoweza kuwa mtego, pale ambapo hakuna anayeruhusiwa kusema kinachotendeka. Tunaweza kuulaumu uzito wa mkono wa baadhi ya waongozaji hawa, au tabia yao ya kuwaona matajiri wa jijini peke yao kuwa wana nafsi zenye utata, na lawama hiyo ingekuwa ya haki.

Watazamaji wa Afrika Mashariki waliijua familia ya Kimexico kwa mlango mwingine, yaani tamthilia zilizotiwa sauti za Kiingereza ambazo runinga zetu zilizionyesha kwa miaka mingi, La usurpadora ya mwaka 1998 ikiwa mojawapo. Ukiziweka tamthilia hizo karibu na filamu hii, utaona malighafi ni moja: kufanana kwa sura, urithi, ndoa ya kulazimishana, mapenzi yanayopita mpaka. Hata waigizaji ni walewale, kwa kuwa Enrique Rocha, kijana wa Un alma pura, alikuja kuwa mmoja wa wabaya wanaotambulika kwa sauti nzito katika tamthilia za Televisa, kampuni ya runinga ya Mexico. Tofauti iko kwenye ufumbuzi. Katika tamthilia, wapenzi wanapogundulika kuwa ndugu, mtazamaji mzoefu hafadhaiki, anasubiri tu yaya mzee afichue kabla hajakata roho kwamba mtoto mmoja aliokotwa. Mpaka unaondolewa, na familia inabaki safi. Filamu ya mwaka 1965 haina yaya wa namna hiyo, na kinachowachosha baadhi ya watu ndani yake ni kukosekana kwake.

Mkusanyiko kama chombo cha kuzungumzia tamaa na utambulisho haukubaki Mexico. Mwaka 2014 kundi la wasanii la The Nest jijini Nairobi lilitoa Stories of Our Lives, filamu ya hadithi fupi tano, kwa rangi nyeusi na nyeupe, kuhusu Wakenya wapenzi wa jinsia moja. Ilionyeshwa Toronto na kisha Berlin, na nchini Kenya ikapigwa marufuku na bodi ya filamu. Tofauti na Wamexico, kazi ile ilitokana na simulizi za watu halisi zilizokusanywa, wala haikutokana na vitabu. Lakini sababu ya kuchagua umbo inafanana: jambo ambalo jamii inadai lina sura moja huonekana vingine linapopewa sura tano zisizofuatana.

Limebaki suala la umbo ambalo huwachanganya hata waandishi wa katalogi. Mwaka 1967 Juan Ibáñez aliongoza Los caifanes, akiandika pamoja na Fuentes, na filamu hiyo imegawanywa sura tano zenye vichwa vyake. Ukiiona katika orodha ya mikusanyiko, ifute. Ni usiku mmoja tu jijini Mexico, wa wapenzi wawili wa tabaka la juu wanaokutana na vijana wanne wa mtaani, na sura zile zipo kwa sababu ya ule mgawanyo wa mwaka 1945: studio ya América ilikuwa ya wafanyakazi wa STIC, ambao hawakuruhusiwa kutengeneza filamu ndefu, basi filamu ndefu zilisajiliwa kama vipindi vifupi vinavyofuatana. Mambo ya chama yameacha alama kwenye usimulizi, na mhakiki asiyejua atadhani ni ubunifu.

Kwa upande wa Amor, amor, amor yenyewe, hadithi tano zilikuwa nyingi mno kwa onyesho moja la kibiashara. Tajimara na Un alma pura zikatolewa na kuunganishwa kwa jina la Los bienamados, na zile tatu zikabaki na jina la awali. Anayetafuta filamu hii leo azingatie hilo: akikutana na Los bienamados ameshika hadithi mbili za ndugu, na akikutana na Amor, amor, amor yenye hadithi tatu hajaibiwa, ila ameshika fungu la pili. Kwa anayeanza, ningemshauri atangulie na La Sunamita, afuate na Las dos Elenas, aiache Tajimara hadi siku ambayo hana haraka, na asimamishe filamu walau kwa muda wa kikombe cha chai kati ya hadithi moja na nyingine, kwa maana waliozitengeneza hawakukusudia ziungwe bila nafasi.